Stata inagonga tu gari likipata joto, nyaya zimepimwa zikaonekana nzima: kiungo kibovu hutafutwaje kwa multimita?

Chumbageni_T aliuliza:

Wanajukwaa, habari za kazi. Nina gari dogo la Kijapani lenye injini ya petroli ya cc 1500 na giaboksi ya otomatiki. Asubuhi linawaka bila shida yoyote, lakini nikitoka nalo Tanga mjini hadi Muheza, nikazima injini kwa muda mfupi kisha nikataka kuliwasha tena, stata hugonga "tak" mara moja na kunyamaza, au huzungusha injini kwa uzito kana kwamba betri imekwisha. Nikiliacha likapoa, linawaka vizuri. Betri ni mpya, kwa maana ile ya awali ilikufa mapema kuliko nilivyotarajia, na gari likiwa limetulia mita inaonyesha volti 12.6.

Fundi niliyempelekea alizipima nyaya kubwa za betri kwa sehemu ya ohm, yaani ya ukinzani, akapata 0.3, kisha akagusanisha ncha mbili za mita na kupata 0.3 ileile; akahitimisha kwamba nyaya ni nzima na kwamba stata imechoka, hivyo ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha hizo ningependa kuwa na hakika. Ninayo multimita ya kawaida ya kidijitali na ninaweza kuitumia kwa vipimo vya msingi.

Jambo la pili, ambalo sijui kama lina uhusiano na la kwanza: taa kubwa ya kulia inawaka kwa mwanga hafifu wa rangi ya manjano. Nimezibadilishana balbu, ya kushoto nikaiweka kulia na ya kulia kushoto, lakini unyonge umebaki kulia. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa utaratibu namna ya kuutafuta ubovu kwa kipimo badala ya kubahatisha vipuri.

FundiUmeme_Moro alijibu:

Ndugu Chumbageni, usinunue stata kwanza. Zipime nyaya hizo upya, ila safari hii ziwe na umeme unaopita ndani yake. Kipimo cha ohm kinafaa kwa kazi nyingine, kama vile kujua iwapo fyuzi imekatika, lakini kwa waya wa stata hakiwezi kukuambia lolote, na sababu yake ni ya hesabu. Stata ya injini ndogo ya petroli hula mkondo wa ampea 100 hadi 200 inapozungusha injini. Tuchukue 150. Kiungo chenye ukinzani wa ohm 0.01 tu, mkondo huo ukipita, kitameza volti 1.5, kwa kuwa volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Sasa hatua ndogo kabisa ya mita zetu za kawaida ni ohm 0.1, yaani mara kumi ya ubovu unaoutafuta, na nyaya za mita zenyewe zina ukinzani unaokaribia ohm 0.2 hadi 0.5. Ile 0.3 aliyoisoma fundi ilikuwa ya nyaya za mita yake. Waya wa betri haukuonekana kabisa katika kipimo hicho.

Isitoshe, mita inapopima ohm hupitisha mkondo mdogo mno, na mkondo wa namna hiyo hupita bila shida hata kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba. Kamba iliyobakiwa na uzi mmoja ikining'inia bure huonekana nzima. Ukiifunga mzigo ndipo unapoijua. Kwa sababu hiyohiyo usitosheke ukiona volti 12.6 kwenye bolti ya stata gari likiwa limezimwa, kwa kuwa mkondo usipopita hakuna volti inayopotea, hata kiungo kiwe kibovu kiasi gani.

Kinachotakiwa ni kupima volti zinazopotea kati ya mwanzo na mwisho wa njia wakati stata inafanya kazi. Kwanza hakikisha injini haitawaka: chomoa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au fyuzi ya pampu ya mafuta, weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, na uwe na msaidizi atakayezungusha ufunguo. Asishikilie kwa zaidi ya sekunde tano kila mara, na stata ipewe muda wa kupoa kati ya kipimo na kipimo. Nyaya za mita zikae mbali na feni na mikanda.

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Anza kwa kugusa vichwa viwili vya betri, na ninasisitiza vichwa vya risasi vyenyewe, si teminali zinazofungwa juu yake, halafu msaidizi apige stata. Volti zikianguka chini ya 9.6 hivi, basi betri yenyewe ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka, au stata inakula mkondo kupita kiasi. Zikibaki juu ya 10 na bado injini inazunguka kwa uzito, ujue kuna mahali njiani zinakopotea.

Upande wa chanya, ncha nyekundu iwe kwenye kichwa cha chanya cha betri na ncha nyeusi kwenye bolti kubwa ya stata ambako waya mnene unaingia. Stata ikizunguka, soma. Waya mzima pamoja na viungo vyake usile zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Ukisogeza ncha nyeusi hadi bolti ya pili, ile inayoingiza umeme ndani ya mota baada ya solenoidi (swichi kubwa ya umeme iliyo kwenye stata), usishtuke kuona takriban volti 12 kabla ufunguo haujazungushwa, maana wakati huo solenoidi haijaunganisha. Unachotaka ni namba ya wakati stata inavuta, na jumla hiyo isizidi 0.5. Ikizidi hapo huku waya wenyewe ukiwa mzuri, basi shaba za ndani ya solenoidi zimeliwa, na hapo fundi wako atakuwa na haki kuhusu stata.

Upande wa hasi husahauliwa na wengi, ilhali umeme unaoingia kwenye stata ni sharti urudi betri kwa mkondo uleule. Injini imekaa juu ya mipira inayozuia mtikisiko, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo njia pekee ya haki ya kurudi ni waya wa arthi, yaani waya mnene unaounganisha chuma cha injini na hasi ya betri. Weka ncha nyekundu kwenye bodi ya chuma ya stata, sehemu iliyosuguliwa ikang'aa, na nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Namba ikizidi 0.3, igawe njia hiyo vipande vipande: kichwa hadi teminali, teminali hadi lagi, yaani kipande cha chuma chenye tundu la bolti kilicho mwisho wa waya, lagi hadi chuma cha giaboksi, giaboksi hadi bodi ya stata. Kiungo kimoja cha bolti kisizidi 0.1. Kipande chenye namba kubwa ndicho chenye ubovu, na mita ikionyesha alama ya kutoa usijali, ncha zimepishana tu. Chukua vipimo hivi mara mbili, gari likiwa baridi na likiwa na joto, kwa kuwa malalamiko yako ni ya joto. Kisha uziandike namba hapa.

Nyaya_za_Pwani alijibu:

Kaka Chumbageni, pole kwa usumbufu. Mimi nafanya kazi hii Mombasa, na kwa gari la mwambao ningeanza kwa kutilia shaka arthi kabla ya kitu kingine chochote. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na shaba ikikutana na vitu hivyo huota unga wa kijani unaopanda ndani ya ganda la waya bila kuonekana kwa nje. Kwenye betri utaona unga mweupe au wa buluu, huo unatokana na tindikali. Ule wa ndani ya ganda huwezi kuuona mpaka ubonyeze waya kwa vidole: waya mzima hunyumbulika sawasawa, na uliooza huwa na sehemu ngumu, au hutoa sauti ya kukwaruza kama kuna mchanga ndani.

Kuna njia ya haraka ya kuithibitisha arthi, ambayo naipenda kwa sababu haihitaji kuhesabu chochote. Chukua waya mnene wa kubustia, upande mmoja ubane kwenye kichwa cha hasi cha betri, upande mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na mikanda, gari likiwa katika hali ile ya kugoma. Stata ikizunguka kwa nguvu, kosa liko upande wa hasi, huna haja ya kubishana na mtu. Hata hivyo njia hii inakuonyesha upande tu. Bado vipimo alivyovitaja Fundi wa Morogoro ndivyo vitakavyokuonyesha ni kiungo kipi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa mapema na kubadilisha kila kitu.

Niongeze onyo moja kuhusu mita. Waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye tundu la ampea, lile lililoandikwa 10A, usiguse nao kamwe vichwa viwili vya betri, kwa sababu tundu hilo ndani yake ni kama waya mtupu. Katika mita nyingi za bei nafuu tundu hilo halina hata fyuzi. Nimeona nyaya za mita zikiyeyuka mkononi mwa kijana wa gereji. Kwa kazi yote unayofundishwa hapa utatumia tundu la volti peke yake.

Jambo la mwisho linahusu ishara nyingine za arthi mbovu ambazo huenda umeziona bila kuzihusisha na stata. Arthi ya injini ikidhoofika, mkondo wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, ukapita kwenye kebo ya mafuta (ile ya chuma inayovutwa na pedali ya mafuta) au kwenye nyaya nyembamba za arthi ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Ukigusa kebo ya mafuta baada ya kupiga stata mara kadhaa ukaikuta ina joto, usipoteze muda, nenda moja kwa moja kwenye waya wa arthi.

Chumbageni_T aliandika:

Nawashukuru sana Fundi na Dada wa Mombasa. Nimefuata maelekezo, rilei ya pampu ya mafuta ikiwa imechomolewa, na kijana wangu akawa anazungusha ufunguo. Hizi ndizo namba, gari likiwa na joto baada ya safari:

Vichwa viwili vya betri, stata ikivuta: volti 10.7.
Kichwa cha chanya hadi bolti kubwa ya stata: 0.2; hadi bolti ya mota: 0.3.
Bodi ya stata hadi kichwa cha hasi: 2.1.

Nilipoigawa njia ya hasi nilipata kichwa hadi teminali 0.05, teminali hadi lagi ya kwenye giaboksi 1.85, lagi hadi chuma cha giaboksi 0.1, na giaboksi hadi bodi ya stata 0.1. Asubuhi yake, gari likiwa baridi, jumla ya upande wa hasi ilikuwa 0.9 tu. Nikabana waya wa kubustia kama nilivyoelekezwa, stata ikazunguka vizuri kabisa huku injini ikiwa ya moto. Kwa macho waya wa hasi unaonekana mzuri, ganda lake jeusi halina mpasuko, na bolti imekaza. Je, ni halali kuuhukumu waya unaoonekana mzima namna hiyo?

FundiUmeme_Moro alijibu:

Ni halali kabisa, na namba zako zimepangika vizuri. Ukiondoa 0.3 ya chanya na 2.1 ya hasi kutoka 10.7 unabaki na volti 8.3 kwa stata, na stata yenye volti 8.3 injini ikiwa na joto lazima ilalamike. Angalia pia jinsi vipande vinavyojumlishwa: 0.05, 1.85, 0.1 na 0.1 vinatoa 2.1 ileile uliyoipata kwa mkupuo mmoja. Hesabu hiyo ikikubali, unajua kwamba ncha zako ziligusa chuma kizuri na hakuna kipande ulichokiruka.

Tufanye hesabu ya waya huo ungekuwa mzima. Waya wa shaba wa milimita za mraba 25 una ukinzani wa takriban ohm 0.0007 kwa mita moja. Wako hauwezi kuzidi mita moja, kwa hiyo kwa mkondo tunaoukadiria wa ampea 130 ungekula volti 0.09. Wewe una 1.85, mara ishirini ya hiyo. Hapo kuna ukinzani wa takriban ohm 0.014, ambao mita ya fundi isingeweza kuuona hata kama angepima siku nzima. Volti 1.85 kwa ampea 130 ni wati 240 zinazogeuka joto katika sehemu ndogo, na ndiyo maana nakushauri, baada ya kupiga stata mara mbili tatu, upitishe mgongo wa mkono kwenye waya huo kuanzia teminali hadi lagi. Mahali penye joto ndipo penye ubovu. Mara nyingi huwa ni pale waya unapobanwa ndani ya teminali au ndani ya lagi, sentimita chache chini ya ganda.

Kuhusu joto, ukinzani wa shaba yenyewe huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na hilo peke yake halitoshi kutoka 0.9 hadi 2.1. Kilichozidi kinatokana na kiungo chenyewe: nyuzi zilizoliwa zinagusana kwa pointi chache, chuma kikitanuka baadhi ya pointi zinaachana, na zilizobaki zinapata joto zaidi. Angalia pia kwamba 0.9 ya asubuhi ilikuwa tayari ni mara tatu ya kinachokubalika. Ubovu ulikuwapo hata wakati gari lilipokuwa likiwaka vizuri.

Badilisha waya wote, usikate na kuunga katikati. Nunua waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 25, na uwe shaba kweli, kwa sababu siku hizi sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba ambazo ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu ukaona weupe ndani, rudisha. Lagi zibanwe kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo, kisha zivalishwe mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani, ili unyevu usipate pa kuingilia. Chuma cha giaboksi kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae. Vichwa vya betri vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, vikaushwe, vifungwe, na baada ya kufunga ndipo upake grisi au vaselini kwa juu. Ukifungua betri anza na hasi, na ukifunga, hasi iwe ya mwisho.

Baada ya hapo pima tena njia nzima ya hasi. Isiposhuka chini ya 0.3, kazi haijaisha.

Halafu usiiache altaneta, yaani jenereta inayochaji betri. Nayo imefungwa kwenye injini na inarudisha mkondo betri kwa kupitia arthi hiyohiyo. Kabla hujabadilisha waya, washa gari, washa taa kubwa na feni, shikilia injini kwenye mizunguko kama 2000 kwa dakika, upime volti kati ya bolti kubwa ya altaneta na bodi yake, kisha kwenye vichwa vya betri. Kwa ukinzani wa ohm 0.014, mkondo wa kuchaji wa ampea 20 unapoteza takriban volti 0.3 kabla haujaifikia betri. Betri inayochajiwa pungufu miezi na miezi huota salfeti na kufa mapema, na huenda hicho ndicho kilichoiua ile ya kwanza.

Kipimo_Nairobi alijibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na ninaomba kuchangia upande wa taa, kwa sababu kuna jambo moja katika magari ya Kijapani linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Katika mengi kati ya magari hayo, hasa yenye balbu za H4 (zenye taa ya chini na ya juu ndani ya balbu moja), umeme wa chanya unafika kwenye balbu moja kwa moja kutoka kwenye rilei, na swichi ya kubadilisha taa ya chini na ya juu imewekwa upande wa hasi. Kwa hiyo mguu wa "arthi" wa balbu hauendi kwenye bodi iliyo karibu. Unasafiri hadi kwenye swichi ya usukani, na kutoka hapo ndipo unapofika kwenye bodi. Mtu asiyelijua hilo atasugua kila bolti ya arthi iliyo mbele ya gari, na taa itabaki vilevile.

Utaratibu wa kupima ni uleule. Washa injini, washa taa, na usiichomoe soketi ya balbu, kwa sababu ukiichomoa mkondo unakatika na kosa linajificha. Ingiza ncha nyembamba kutokea nyuma ya soketi, kando ya waya, mpaka iguse bati la ndani. Naomba sana usitoboe ganda la waya kwa sindano kama wanavyofanya wengi. Kwa hewa ya Tanga tundu hilo ndilo litakalokuwa ubovu wa mwaka ujao. Pima volti kati ya miguu miwili inayohusika na taa ya chini, ya kulia kisha ya kushoto. Halafu pima kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi mguu wa chanya wa balbu, na kutoka mguu wa hasi wa balbu hadi kichwa cha hasi cha betri. Balbu ya wati 55 hula takriban ampea 4 hadi 5, kwa hiyo kiungo chenye ukinzani mdogo tu kinaonekana vizuri.

Kabla hata ya kupima, fikiri kidogo kuhusu mahali ambapo njia za taa mbili zinaungana na mahali zinapoachana. Ikiwa moja tu ni hafifu, swichi ya usukani haiwezi kulaumiwa, kwa kuwa inahudumia zote mbili. Ubovu lazima uwe kwenye sehemu inayoihudumia ya kulia peke yake: soketi yake, kipande chake cha waya, au fyuzi yake ikiwa kila taa ina fyuzi yake. Ungeona zote mbili zimefifia, hapo ndipo ningekutuma kwenye swichi na rilei.

Wala usiidharau volti moja au mbili kwenye taa. Mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa takriban asilimia 30. Kwa mtu anayeendesha usiku kwenye barabara isiyo na taa, penye watembea kwa miguu na baiskeli zisizo na viakisi, hilo ni suala la uhai.

Na kwa kuwa wengine watasoma hapa na kwenda kupima vitu vingine, naongeza mambo mawili. Nyaya za mifuko ya hewa, zile zenye soketi za rangi ya manjano, zisiguswe kwa mita wala kwa taa ya kupimia, maana mkondo mdogo unaweza kuufyatua mfuko. Na kwa vitambuzi vya injini vinavyotumia volti 5, viwango tulivyovitaja vya stata ni vikubwa mno. Arthi ya kitambuzi ikipoteza zaidi ya volti 0.05 hivi, kompyuta ya injini inaanza kupokea habari za uongo.

Chumbageni_T aliandika:

Nimerudi na majibu. Waya wa hasi umebadilishwa. Nilipouchana ule wa zamani, sentimita nne hivi kutoka kwenye teminali nyuzi zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, na zilizobaki nzima zingehesabika kwa vidole. Sasa jumla ya upande wa hasi gari likiwa na joto ni 0.2, na linawaka kama asubuhi. Altaneta kabla ya kubadilisha waya ilikuwa inatoa 14.2 huku betri ikipokea 13.9, sasa kote ni karibu sawa.

Kwa taa, injini ikiwa inawaka na betri ikiwa na volti 14.0, balbu ya kushoto inapata 13.6 na ya kulia 11.9. Upande wa chanya wa taa ya kulia unapoteza 0.2 tu, na upande wa hasi unapoteza 1.9. Soketi nilipoichomoa, tundu moja kati ya matatu plastiki yake imegeuka kahawia na bati la ndani limetanuka na kulegea. Je, nilisafishe na kulibana kwa koleo, au ninunue soketi nyingine?

Kipimo_Nairobi alijibu:

Nunua nyingine, tena ile ya kauri ikipatikana. Bati lililokwisha kupata joto hadi plastiki ikabadilika rangi limepoteza unyumbufu wake. Ukilibana kwa koleo litashika kwa muda, kisha joto la balbu litalilegeza tena, na kila linapolegea linapata moto zaidi. Ukate waya nyuma kiasi mpaka uone shaba inayong'aa, kwa sababu mara nyingi sentimita mbili tatu za nyuma nazo zimeungua na kuwa nyeusi, na shaba nyeusi haishiki vizuri hata ikibanwa kwa nguvu. Usisokote nyaya na kuzifunga kwa utepe. Tumia viungio vya kubana vyenye mpira wa kusinyaa, kisha washa taa upime tena kutoka mguu wa hasi hadi kichwa cha hasi cha betri. Kumbuka kwamba njia hiyo inapita kwenye swichi ya usukani, hivyo usitarajie sifuri. Ilinganishe na ya kushoto, na zikikaribiana umemaliza. Angalia pia mguu wa balbu uliokuwa ndani ya tundu lile: kama umebadilika rangi au una vishimo, badilisha na balbu, la sivyo utaiharibu soketi mpya.